Diski Asilimia Mia

Kompyuta ya dukani kwangu ilipoanza kuwa nzito, Songea nzima ilijua sababu isipokuwa mimi mwenye kompyuta. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyepanga fremu ya pili alijua. Mama wa vitumbua alijua. Kijana wa bodaboda aliyekuja kutoa fotokopi ya leseni, ambaye simu yake mwenyewe ni ya kubonyeza, alijua kwa uhakika kuliko wote. Mbele ya gari bovu watu hukubali kusema injini hawaijui. Mbele ya kompyuta nzito sijawahi kumsikia mtu akisema hajui.

Nina steshenari Mfaranyaki, si kubwa. Ndani kuna mashine ya fotokopi, printa mbili ambazo moja ni pambo, mashine ya laminesheni, na kompyuta moja ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika kwenye ofisi fulani huko Uingereza. Mgongoni bado ina kibandiko chenye namba ya mali ya ofisi hiyo, na sijakibandua kwa sababu kinaipa heshima. Imechapa kadi za harusi na za kipaimara, ratiba za mazishi, katiba za vikoba, mitihani ya majaribio ya darasa la saba, barua za kuomba kazi, na barua za kuacha kazi ambazo mara nyingi zilifuata muda si mrefu. Haikuwa na mbio, lakini tulizoeana.

Ilikuwa inatumia Windows 7, iliyotoka mwaka 2009 na ambayo Microsoft waliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020. Habari hiyo haikufika Mfaranyaki. Januari huku kwetu watu wako kwenye palizi, na hakuna mtu angeacha jembe aje kuniambia kwamba programu yangu imestaafu. Kilichonifikia ni kivinjari. Toleo la 110 la Chrome, lililotoka Februari 2023, liliikataa kabisa Windows 7, na taratibu tovuti moja baada ya nyingine ikaanza kunifungia mlango: leo kitufe hakibonyezeki, kesho ukurasa unakuja mweupe, keshokutwa unaambiwa usasishe kivinjari kisha kivinjari chenyewe kinakuambia hakisasishiki.

Haya yakanikuta Juni. Juni ya Songea ni baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba, na ndio mwezi ambao waliochaguliwa kidato cha tano wanamiminika kuprinti fomu za kujiunga na shule. Fomu moja ina kurasa nyingi, na kila ukurasa unadai kitu: ndoo, jembe, godoro, shuka za rangi fulani. Kwa mwenye steshenari huo ni msimu wa mavuno. Huwezi kuwa na kompyuta isiyofungua tovuti Juni, kama vile mkulima wa Namtumbo asivyoweza kukosa magunia.

Mpwa wangu alikuwa likizo kutoka chuo. Akaitazama mashine kwa huruma.

“Shangazi, hii Windows imeshakufa. Inatakiwa kumi.”

“Faili zangu zitapona?”

“Hazitaguswa hata moja.”

Kwa haki yake niseme, kwenye hilo hakudanganya. Hakupiga Windows kwa kufuta kila kitu. Aliipandisha juu ya ile ya zamani, kazi iliyoanza jioni na kumalizika majogoo yakiwika, kompyuta ikijizima na kujiwasha yenyewe huku ikituomba tusiizime. Asubuhi uso ulikuwa mpya, dirisha la bluu lenye mwanga, herufi nyembamba za kisasa. Mpwa akaupiga picha, akaiweka kwenye status, akapanda gari la Mbinga kwenda kumwamkia bibi yake.

Saa mbili na nusu akaingia mzazi na binti yake, wametoka Peramiho na gari la kwanza. Nikabonyeza alama ya Word ili nichape barua yao ya mdhamini. Hapakutokea kitu. Nikabonyeza tena. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Mzazi akavuta kiti, akaniuliza bei ya mahindi mjini inasemaje. Tukaizungumza bei ya mahindi. Tukaingia kwenye mbolea ya ruzuku, nani alipata na nani alizungushwa. Tukamzungumza kijana mmoja tunayemfahamu sote aliyekwenda Dar miezi mitatu akarudi anaongea puani. Tulipofika kwenye mgogoro wa kamati ya ujenzi wa kigango, Word ikafunguka. Ikafunguka mara mbili, kwa kuwa nilibonyeza mara mbili, kisha zote mbili zikaganda.

Mbele ya boksi la kompyuta kuna kataa kadogo ka rangi ya chungwa. Zamani kalikuwa kanapepesa, kanawaka na kuzima kila mashine inaposoma kitu. Siku hiyo kaliwaka moja kwa moja. Na ndani kulikuwa na sauti ambayo kwa kelele za mtaani nilikuwa sijawahi kuisikia: krr, krr, tik. Kimya kidogo. Krr, krr, tik.

Foleni ikafika nje, na ilipofika nje ndipo wataalamu walipoanza kujitokeza.

Fundi wa kuchomelea alizima mashine yake akaja na miwani imepandishwa kichwani. “Mama, huo ni umeme. Zamani Songea tulikuwa na umeme wa majenereta ya dizeli, mwepesi. Tangu 2018 tunakula umeme wa gridi unaotoka Makambako, kilovolti mia mbili na ishirini. Kompyuta ya zamani hauiwezi huo.” Kwamba kompyuta niliinunua gridi ikiwa imeshafika, na kwamba umeme unaoingia ukutani kwangu ni ule ule wa volti mia mbili na thelathini uliokuwepo enzi za majenereta, hayo hayakumpunguzia hata chembe ya imani.

Mama wa vitumbua hakusogea kwenye meko yake. Alisema tu, akigeuza kitumbua, kwamba kuna mtu amefungua steshenari mtaa wa juu na kwamba yeye hasemi kitu. Kijana wa bodaboda akasema ni virusi, vimetoka kwenye flashi za walimu. Sijui walimu walimkosea nini.

Aliyenifaa zaidi, kwa maana ya kunipotezea muda kwa elimu, ni mwalimu mstaafu anayekuja kila asubuhi kusoma gazeti langu bila kulinunua. Akanikumbusha kwamba kompyuta ya kwanza ya serikali iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974, baada ya kazi za uhasibu kuparaganyika humo, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku kabisa, kwa nchi nzima. “Walioamua hilo waliona mbali,” akasema, akakunja gazeti. Kisha akaniomba nimchapie barua ya kufuatilia mafao yake, maana iliyoandikwa kwa mkono walikuwa wameikataa.

Fundi wa kwanza alifika mchana, begi mgongoni na flashi shingoni. Hakuuliza ilianza lini wala tulifanya nini kabla haijaanza. Alisema, “Tupige Windows upya.” Nchi hii ina mafundi wengi hodari, nawafahamu na nawaheshimu, lakini wapo ambao kompyuta ikikataa kuprinti wanapiga Windows, ikikosa sauti wanapiga Windows, na nina hakika waya wa umeme ukichomoka ukutani watapiga Windows kwanza kabla ya kuuchomeka. Nikakataa, kwa sababu humo ndani kulikuwa na kadi za harusi za watu.

Basi akaingiza programu ya kusafisha mashine, yenye picha ya roketi. Roketi ikazunguka, ikatangaza kwa herufi nyekundu kwamba imekuta matatizo zaidi ya elfu moja, na kwamba iko tayari kuyaondoa yote nikiilipa kwa dola. Mji huu una Makumbusho ya Majimaji. Tumewazika hapa watu walioambiwa dawa itageuza risasi kuwa maji, na kila mwisho wa Februari tunawakumbuka wale walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mtu wa Songea hapaswi kuuziwa roketi. Fundi akaongeza RAM, kutoka gigabaiti nne hadi nane, Word ikawahi kidogo, akachukua hela ya kuangalia akaenda zake. Roketi aliiacha humo ndani, na kila nilipowasha mashine ilikuwa ya kwanza kuamka.

Fundi wa pili ni binti aliyesomea VETA, anatengeneza simu kwenye kibanda karibu na soko kuu. Nilimwita kwa sababu aliwahi kumrudishia mteja wangu simu akisema, “Hii haina ubovu, ni chaja,” na fundi anayekataa hela si wa kumwacha apite. Alifika jioni, ameshika kikombe cha chai.

“Shikamoo mama. Usiniambie kitu kwanza, naomba niisikilize.”

Akainama, akaweka sikio kwenye boksi. Krr, krr, tik. Akanywa chai. Kisha akabonyeza Control, Shift na Escape kwa pamoja, na ikafunguka Task Manager, ile programu inayoonyesha nani anakula nini ndani ya mashine. Ilichukua muda kufunguka, lakini ilipofunguka ilisema jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja kati ya wale wote waliosimama mlangoni. Prosesa ilikuwa inatumika asilimia sita. Kumbukumbu, nusu tu. Diski, asilimia mia. Chini yake kulikuwa na kasi: megabaiti moja na pointi kadhaa kwa sekunde.

“Yaani,” akasema, “inafanya kazi kwa nguvu zake zote, na kazi haionekani.”

Nikamwambia ofisi za namna hiyo nazifahamu.

Akanieleza diski ile ilivyo. Ndani mna sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, ambayo ni mara 120 kwa sekunde, na kijimkono chenye kichwa cha kusomea kinachosogea ndani na nje. Ukitaka kitu, mkono lazima ufike kwenye mstari wake, kisha usubiri sahani izunguke mpaka kitu chenyewe kipite chini yake. Safari moja hiyo inakula milisekunde kama kumi na tatu. Ni kidogo, lakini piga hesabu: kwa sekunde moja zinatoka safari kama sabini na tano tu. Faili moja kubwa iliyolala mahali pamoja diski hiyo inaisoma kwa zaidi ya megabaiti mia moja kwa sekunde, maana mkono hausogei. Vipande vidogo vidogo vya kilobaiti nne vilivyotawanyika, inasoma kilobaiti mia tatu tu, na bado inahema.

Nikaona ghala la mahindi lenye mtunza ghala mmoja. Akija mwenye lori akataka gunia mia za safu moja, wanapakia na kuondoka kabla ya mchana. Wakija watu mia, kila mmoja anataka debe moja, huyu la kona ile, yule la juu kabisa, yule la mwaka jana, mtunza ghala atakimbia mpaka alale chini, na jioni ghala litakuwa halijapungua. Ukimwangalia anavyotoka jasho, utasema leo kafanya kazi kuliko siku zote.

Hiyo ndiyo asilimia mia. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kumpenda huyu binti kwa kuwa haongei mambo ya walimu, nikamuuliza nani aliyebuni kitu cha kuzunguka namna hiyo. Akasema IBM, mwaka 1956. Diski yao ya kwanza ilikuwa na sahani hamsini, kila moja upana wa zaidi ya nusu mita, uzito wa mtambo wote ulipita tani moja, na humo zilienea herufi kama milioni tano. Hazitoshi picha mbili za harusi za siku hizi, zile ambazo bibi harusi anatazama mbali kama vile hajui kuna mpiga picha.

“Sasa hao wateja mia ni akina nani?” nikauliza. “Mimi nimefungua Word tu.”

Akapanga orodha kwa wanaokula diski zaidi. Walikuwa wengi na wote wana nia njema, hilo ndilo lililonichekesha. Mmoja alikuwa anaandika faharasa ya kila faili niliyowahi kuchapa ili siku nikiitafuta niipate haraka. Mwingine ni kinga ya virusi, amehamia nyumba mpya, anakagua kila chumba kwa kuwa hajawahi kuviona. Yupo anayepakia mapema programu ambazo anadhani nitazitaka. Yupo anayeshusha masasisho kwa bando langu. Na pembeni kulikuwa na folda ya Windows.old, Windows yangu ya zamani nzima nzima, iliyohifadhiwa siku kumi endapo nitajuta. Kwenye mashine mpya zenye diski zisizozunguka, kazi zote hizi zinapita bila mtu kujua. Kwangu zilikuwa zimebanana mlangoni, zote zikimwita mtunza ghala kwa jina.

“Siku za kwanza baada ya kupandisha Windows ndivyo inavyokuwa,” binti akasema. “Mama, usiku iache inawaka, isilale, isiguswe. Imalize kazi zake.”

Akaondoa roketi. Akapunguza faharasa ibaki kwenye folda ya kazi zangu tu, akazima ile huduma ya kupakia mapema, akazizuia programu zilizokuwa zinajiwasha asubuhi bila kuitwa. Jambo nililolipenda: alifanya moja, akatazama, akaandika kwenye karatasi, ndipo akafanya la pili. Fundi wa kwanza alifanya matano kwa mpigo, na hata ingepona asingejua ni dawa ipi iliyoponya.

Kulipokucha mlinzi wa fremu zetu akaniarifu kwa sauti ya chini kwamba usiku kucha kulikuwa na kitu kinaongea dukani kwangu. Mchana nikapima. Word sasa ilifunguka tukiwa bado kwenye bei ya mahindi, hatujafika hata kwenye mbolea. Foleni ikarudi ndani.

Lakini ulibaki ugonjwa mwingine, wa ajabu. Mashine ilikuwa inakwenda vizuri, mara, katikati ya sentensi, inasimama yote. Mshale haujongei, herufi hazitoki. Unasubiri karibu nusu dakika, kisha herufi zote ulizoandika zinamwagika kwa pamoja na kazi inaendelea, bila maelezo. Na kabla ya kila kusimama, ile tik.

Binti akarudi, safari hii bila chai. Akafungua daftari la matukio la Windows, mahali ambapo mashine inaandika malalamiko yake kila siku na hakuna anayeyasoma. Kulikuwa na maonyo yenye namba 153, moja baada ya jingine, ukurasa na ukurasa. Maana yake, akasema, diski imeulizwa kitu, haikujibu kwa wakati, ikabidi iulizwe tena. Katikati yake kulikuwa na namba 7: sehemu mbovu.

Alianza na cha bei rahisi, akabadilisha waya unaounganisha diski. Hali ile ile. Ndipo akaisoma afya ya diski yenyewe, maana diski zinatunza kumbukumbu za uchakavu wao, ila hazisemi mpaka ziulizwe. Rangi ikaja ya njano. Hesabu ya makosa ya waya ilikuwa sifuri, kwa hiyo waya hauna hatia. Hesabu ya sehemu zinazosubiri kuhamishwa, zile ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, haikuwa sifuri hata kidogo. Kila mkono ulipofika hapo, ulijaribu, ukashindwa, ukarudi mwanzo, ukajaribu tena. Hiyo ndiyo tik.

Nikamuuliza mbona na Windows ya zamani haikuwa hivyo. Jibu lake ndilo lililomwokoa mpwa wangu, kwa sababu nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumpa akirudi. Windows 7, akasema, ilikuwa imekaa miaka yote kwenye sehemu moja ya sahani, sehemu iliyokuwa nzima. Kupandisha Windows kunaandika gigabaiti nyingi kwa usiku mmoja, tena mahali ambapo hapajaandikwa kitu tangu mashine iko Uingereza. Huko ndiko kwenye madoa. Diski ilikuwa imeshaanza kufa kabla, ila upande ambao hakuna aliyekuwa anaishi. Mpwa wangu alihamishia familia nzima kwenye chumba kinachovuja.

Nilipompelekea fundi wa kuchomelea taarifa hii alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa kuelewa, akauliza: “Sawa, na nani aliyeichakaza? Umeme.”

Diski mpya ya SSD, isiyo na sahani wala mkono, tuliagiza Kariakoo. Ikapakiwa kwenye basi, ikapita Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, zaidi ya kilomita mia tisa, na nikaenda kuipokea stendi usiku, nimejifunga kitenge juu ya koti. Kondakta akanipa bahasha. Ilikuwa nyepesi mno, nikaitikisa. Kimya. Nikamwambia kijana, hapa hamna kitu. Akaichukua, akaitikisa na yeye, akairudisha akisema, “Mama, nilivyopokea ndivyo nilivyoleta,” na akasogea hatua moja nyuma. Tulifungua bahasha kwa tochi ya simu yake, mbele ya abiria wawili waliojiteua kuwa mashahidi. Kitu kilikuwemo. Kimetosha kiganjani, na hakina hata kitu kimoja ndani cha kutikisika.

Kuhamisha faili ndiko kulikokuwa na kazi ya kweli. Programu ya kunakili diski nzima kwa mkupuo ilifika katikati, ikakutana na madoa, ikasimama. Fundi mmoja mpita njia akashauri tuendeshe kwanza programu ya kuirekebisha ile ya zamani usiku kucha. Binti akakataa kwa ukali ambao sikuutegemea. Diski inayokufa, alisema, hailazimishwi mazoezi. Unatoa kwanza kilicho muhimu, yakibaki majeraha ndipo uhangaike nayo. Ikapigwa Windows 10 mpya kwenye SSD, hapo ndipo mahali pake, kisha ile ya zamani ikachomekwa pembeni na tukaanza kutoa folda moja moja kwa umuhimu: kwanza kazi za wateja ambazo hazijachukuliwa, halafu harusi zijazo, halafu harusi zilizopita, mwisho kabisa nyimbo za mpwa wangu. Mstari wa kijani ulikuwa unatembea, unasimama, tik, tik, unatembea. Kuna faili zilitoka nzima. Kuna zilizotoka na jina tu, ukizifungua ni tupu. Kuna ambazo hazikutoka, na nyimbo za mpwa wangu zilitoka zote.

Yeye mwenyewe alirudi kutoka Mbinga na mfuko wa kahawa, akawasha kompyuta, ikawaka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Akanigeukia, uso umejaa furaha. “Shangazi, si nilikuambia kumi ni nzuri?”

Sikumjibu. Kahawa ilikuwa nzuri.

Shida iliyonijia baada ya hapo sikuitarajia. Zamani mteja alikaa, akaona ninavyohangaika, jasho likinitoka Juni yenye baridi, akalipa na kunipa pole. Sasa anasema anachotaka, nabonyeza, karatasi inatoka. Anaitazama karatasi, ananitazama mimi. “Mama, elfu mbili ya nini? Si umebonyeza tu?” Mmoja aliomba nimpunguzie kwa sababu hajakaa. Mwalimu mstaafu analalamika kwamba siku hizi hafiki hata ukurasa wa michezo kabla sijamwambia barua yake iko tayari. Habari za kigango nilikuwa nazipata zote bila kutoka dukani. Sasa sijui hata ule mgogoro uliishaje.

Na mambo hayajatulia. Windows 10 nayo imefika mwisho wake wa kutunzwa tarehe 14 Oktoba 2025. Inayofuata, ya kumi na moja, inadai prosesa za karibuni na kitu kinachoitwa TPM 2.0, na mashine yangu ya Uingereza, pamoja na kibandiko chake, haina hivyo. Mpwa wangu amemaliza chuo, anasubiri ajira, na mara mbili nimemkuta anaitazama ile kompyuta kwa jicho la huruma. Nimemwambia akitaka kuigusa, aanze kwa kumwita binti wa sokoni. Amekubali haraka kuliko nilivyotegemea, na siku hizi anakwenda sokoni hata kompyuta ikiwa nzima.

Yaliyobaki nayasema kwa wateja wangu. Kikundi cha vikoba kilichochapa katiba yake kwangu kabla ya Juni 2023, kifungu cha mikopo hakikupona. Anayeidai faida asije kwangu, aje na karatasi. Familia iliyofanya harusi Bombambili na ikataka kadi za shukrani kwa mtindo ule ule, ua la pembeni halipo, leteni kadi ya zamani. Shule iliyoacha kwangu mtihani wa majaribio wa Hisabati, maswali ya kumi na mbili hadi ishirini hayapo, na nasikia wanafunzi hawajalalamika. Mwenye nakala ya karatasi ya chochote nilichomchapia miaka hiyo, naomba ailete dukani. Kuchapa upya ni bure, karatasi utalipia.